Muundo wa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wajibu wa Kada

Kila dola ina vyombo vyake vya kutekeleza matakwa yake. Iko jeshi, iko polisi, yako magereza, na wako watumishi wa umma tangu wizarani mpaka kijijini. Vyombo hivi mwananchi anavifahamu kwa sababu anakutana navyo. Kipo lakini chombo kimoja ambacho hakitajwi sana katika mikutano yetu, nacho ndicho kinachoviambia vyombo vingine vyote lipi linaruhusiwa kisheria na lipi haliruhusiwi. Chombo hicho ni Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Makada wengi huifikiria Ofisi hii kama jambo la wataalamu wa Dodoma na Dar es Salaam. Mawazo hayo si sahihi. Mtendaji anayemweka mwananchi mahabusu bila sababu, halmashauri inayopitisha barabara katika shamba la mtu bila fidia, na mkurugenzi anayesaini mkataba asioufahamu, wote hao wanaifanyia kazi Ofisi hii pasipo kujua, kwa maana matokeo ya vitendo vyao huishia mezani pake. Kwa hiyo yafaa tueleze Ofisi hii ilitoka wapi, imegawanywaje, kwa nini imegawanywa hivyo, na mgawanyo huo unamdai nini kada.

1. Asili yake

Cheo cha Mwanasheria Mkuu hatukukibuni sisi. Kililetwa na Waingereza pamoja na mfumo wao wa sheria walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika mfumo huo Mwanasheria Mkuu alikuwa afisa wa Gavana. Alimshauri Gavana, aliandika sheria za kikoloni, alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria kwa cheo chake, na mashtaka ya jinai yaliendeshwa kwa mamlaka yake. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala iliyotoka katika Sauti ya TANU kuhusu maafisa wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mashtaka yale hayakuendeshwa na wale maafisa waliodai kukashifiwa. Yaliendeshwa na wanasheria wa dola ya kikoloni, kwa jina la Malkia.

Tulipopata uhuru mwaka 1961 cheo kilibaki, na mwenye cheo wa kwanza, Roland Brown, alikuwa Mwingereza. Mwaka 1965 Mark Bomani akawa Mwafrika wa kwanza kukishika, akakaa nacho mpaka 1976. Baada yake alifuata Joseph Warioba, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Kubadilika kwa mtu lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo kubadilisha mtu si sawa na kubadilisha chombo. Kwa muda mrefu Ofisi iliendelea kuwa nyumba moja yenye kazi zote, kama ilivyoachwa na mkoloni, na makao yake yakawa Kivukoni, Dar es Salaam, mbele ya bahari.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Bunge likahamia mapema. Serikali yenyewe ikachelewa. Mwaka 2016 ndipo ilipotangazwa kwamba Serikali nzima itahamia Dodoma, na mwezi Aprili 2019 ukafunguliwa Mji wa Serikali, Mtumba, mashariki ya mji kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu nayo imehamia huko. Jambo hili lina faida ya kikazi. Mwandishi wa sheria, Wizara inayotaka sheria, na Bunge linaloipitisha, sasa wote wako katika mji mmoja.

2. Katiba inasemaje

Msingi wa Ofisi hii ni ibara ya 59 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Mwanasheria Mkuu huteuliwa na Rais. Hapana budi awe mtu mwenye sifa za kuwa wakili, na awe amekuwa na sifa hizo kwa muda usiopungua miaka 15 mfululizo. Yeye ndiye mshauri wa Serikali kuhusu mambo ya sheria. Ana haki ya kuhudhuria na kusikilizwa katika mahakama zote za Jamhuri ya Muungano. Huhudhuria mikutano ya Baraza la Mawaziri akiwa na haki zote za mjumbe isipokuwa kupiga kura. Tena ni Mbunge kwa sababu ya cheo chake.

Tukiyatazama madaraka haya kwa pamoja tutaona kwamba mtu huyu anasimama katika mihimili yote mitatu ya dola. Anakaa na Mawaziri, anakaa na Wabunge, na mlango wa mahakama uko wazi kwake. Hakuna mtumishi mwingine wa Serikali mwenye nafasi kama hiyo. Kwa upande mwingine Rais aliyemteua anaweza kuufuta uteuzi wake, na kwa vyovyote ukomo wa kipindi chake haupiti siku Rais mteule anapoapishwa. Ndiyo kusema ni mshauri mwenye sauti kila mahali, lakini usalama wa kiti chake unategemea yule anayemshauri. Kada anayetaka kuielewa Ofisi hii lazima ayaweke mambo haya mawili pamoja katika mawazo yake.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba Zanzibar ina Mwanasheria Mkuu wake, kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya 1984. Kwa hiyo tunaposema Mwanasheria Mkuu wa Serikali hapa, tunamaanisha yule wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano.

Majirani zetu, waliorithi cheo hicho hicho kutoka kwa mkoloni yule yule, wamekipanga kwa namna tofauti. Uganda, kwa Katiba yake ya 1995, imemfanya Mwanasheria Mkuu kuwa Waziri kamili. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, imemtenga kabisa Mkurugenzi wa Mashtaka kutoka kwa Mwanasheria Mkuu na kumpa kipindi kimoja cha miaka minane kisichorudiwa. Hii yaonyesha kwamba hakuna muundo ulioshuka kutoka mbinguni. Kila nchi huamua yenyewe ni kiasi gani mshauri wa Serikali awe karibu na Serikali, na ni kiasi gani mshtaki awe mbali nayo.

3. Kazi tatu katika nyumba moja

Kazi za wanasheria wa Serikali ni za aina tatu. Ya kwanza ni kushauri na kuandika: kuandika miswada, kuhakiki mikataba, na kuiambia wizara kama jambo inalokusudia ni halali. Ya pili ni kusimama mahakamani Serikali inaposhtaki au inaposhtakiwa katika mashauri ya madai. Ya tatu ni kuendesha mashtaka ya jinai dhidi ya watu wanaotuhumiwa kuvunja sheria.

Kazi hizi zinafanana kwa kuwa zote ni za kisheria, lakini kila moja ina tabia yake. Mshauri mwema huiambia Serikali ukweli hata usiopendeza. Wakili mahakamani huitetea Serikali hata pale ambapo hoja yake ni dhaifu. Mshtaki naye hatakiwi kumtetea mtu yeyote, wala Serikali yenyewe. Anatakiwa atazame ushahidi, haki na maslahi ya umma. Kazi tatu hizi zikiwekwa mikononi mwa ofisi moja, moja huila nyingine. Aliyeshauri jambo vibaya ndiye atakayelitetea mahakamani, na akishindwa mahakamani ndiye atakayeandika sheria mpya ya kulihalalisha.

Jambo hili lilidhihirika hapa Dodoma katika miaka ya 1990. Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kuanzia Machi 1988 wananchi wakaweza kuitumia mahakamani. Mahakama Kuu ya Dodoma ikawa miongoni mwa mahakama zilizopokea mashauri mazito ya aina hiyo, na aliyesimama upande wa pili alikuwa Mwanasheria Mkuu au Jamhuri.

Shauri la kwanza la kutazama lilihusu haki ya kuishtaki Serikali yenyewe. Sheria ya Mashauri ya Serikali ya mwaka 1967, kama ilivyorekebishwa mwaka 1974, ilimtaka mwananchi apate kwanza kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki. Fikiri maana yake: mtu anayedai kwamba Serikali imemwonea aende kuiomba Serikali hiyo hiyo ruhusa ya kuipeleka mahakamani. Katika shauri la mwaka 1992, Jaji James Mwalusanya aliamua hapa Dodoma kwamba sharti hilo linapingana na Katiba. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri jingine lililotoka Arusha, ikafikia uamuzi wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1994 sheria ikarekebishwa na kibali kikaondolewa.

Shauri la pili lilikuwa la jinai. Mwezi Juni 1994 Jaji Mwalusanya, katika kesi ya mauaji iliyosikilizwa Dodoma, aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Upande wa Jamhuri haukukubali, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo.

La tatu ni lile la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Mwezi Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua, hapa Dodoma, kwamba raia anaweza kugombea uongozi bila kupendekezwa na chama cha siasa, na kwamba kudai kibali cha kufanya mkutano wa hadhara ni kinyume cha Katiba. Bunge, kwa Sheria Na. 34 ya 1994, likabadili Katiba yenyewe ili mgombea abaki kuwa wa chama. Suala hilo halikwisha. Lilirudi mahakamani, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema kwamba ni la Bunge kuamua, na mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki.

Hapa hatujadili nani alikuwa sahihi katika suala la mgombea binafsi. Tunautazama muundo. Ofisi iliyokuwa ikiitetea sheria mbele ya Jaji Lugakingira ndiyo iliyokuwa na kazi ya kuandika miswada ya Serikali ya kubadili sheria. Hata kama kila wakili alitimiza wajibu wake kwa uaminifu, mwananchi anayetazama kutoka nje alikuwa na haki ya kuuliza: je, mshauri huyu anaweza kuiambia Serikali kwamba imekosea, wakati yeye mwenyewe yumo ndani ya ugomvi?

4. Mgawanyo wa 2005 hadi 2018

Mabadiliko hayakuja siku moja. Mwaka 2005, kwa marekebisho ya kumi na nne ya Katiba, ziliongezwa ibara za 59A na 59B. Ya kwanza ilimweka Naibu Mwanasheria Mkuu katika Katiba. Ya pili ilimweka Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye kabla ya hapo madaraka yake yalitokana na sheria za kawaida na alifanya kazi chini ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria Na. 4 kuhusu utekelezaji wa majukumu ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2008 ikafuata Sheria ya Taifa ya Mashtaka, Na. 27, iliyoanza kuitoa kazi ya kuendesha mashtaka mahakamani kutoka kwa polisi na kuiweka mikononi mwa Mawakili wa Serikali, ili anayepeleleza asiwe ndiye anayeshtaki.

Hatua kubwa ilifanywa Februari 2018. Kwa amri za Rais zilizotangazwa katika Gazeti la Serikali, nyumba moja ikawa nyumba tatu.

(a) Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hii imebaki na kazi ya ushauri. Ndani yake ziko kazi kuu tatu. Kuna uandishi wa sheria, ambao hupokea uamuzi wa Baraza la Mawaziri na kuugeuza kuwa muswada wenye vifungu. Humo pia hufanywa urekebu, yaani kuzikusanya na kuzisafisha sheria zilizorekebishwa mara nyingi. Matunda ya kazi hiyo ni Toleo la Sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, ambalo limechukua nafasi ya lile la 2002. Kuna mikataba: mikataba ya kimataifa, mikopo, na mikataba mikubwa ya manunuzi, ambayo hapana budi ihakikiwe kabla ya kusainiwa. Na kuna ushauri na uratibu, kazi ya kujibu maswali ya wizara na idara na kuwasimamia kitaaluma wanasheria walioko huko. Mwanasheria aliyeko wizarani au katika halmashauri ni mtumishi wa mahali alipo kiutawala, lakini katika taaluma kiongozi wake ni Mwanasheria Mkuu.

(b) Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Hii ilianzishwa kwa Tangazo la Serikali Na. 50 la 2018. Kazi yake ni mashauri ya madai, mashauri ya kikatiba na usuluhishi, ndani na nje ya nchi. Jina linaloandikwa katika hati bado ni la Mwanasheria Mkuu, lakini anayesimama mahakamani kwa niaba yake hutoka katika Ofisi hii. Umuhimu wake ulionekana upesi. Mwezi Agosti 2019 ndege ya Shirika letu la Ndege ilizuiliwa Johannesburg kwa amri ya mahakama, kutokana na deni la fidia lililodaiwa na mkulima wa zamani ambaye mali yake ilitaifishwa. Mawakili wa Serikali wakaenda huko, na mwanzoni mwa Septemba mahakama ikaiachilia. Ugomvi uliozaliwa mashambani miongo mingi nyuma ulikuja kuikamata ndege uwanjani ugenini. Hivyo ndivyo shauri lisilomalizwa linavyotembea.

(c) Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Hii huongozwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, mwenye uwezo wa kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka ya jinai nchini, na hata kuyaondoa kabla ya hukumu. Ibara ya 59B inasema kwamba katika kazi hiyo atakuwa huru na hataingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote, na kwamba atazingatia mambo matatu: haja ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Ofisi hii imefika mikoani na inaendelea kufika wilayani.

Pembeni ya tatu hizi iko Wizara ya Katiba na Sheria. Kada asiichanganye nazo. Wizara ina Waziri na Katibu Mkuu, na kazi yake ni sera. Mahakama nayo si tawi la yeyote kati ya hao. Ni mhimili unaojitegemea.

5. Njia ya mwananchi mwenye madai

Nadharia isipoonyeshwa kwa vitendo huwa maneno matupu. Tuchukue mfano. Mkulima wa zabibu katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino anakuta halmashauri imepitisha barabara katika shamba lake na kung'oa mizabibu bila fidia. Afanye nini?

Kwanza, aiandikie halmashauri taarifa ya kusudio la kushtaki, aeleze msingi wa madai yake, na nakala aipeleke kwa Mwanasheria Mkuu. Baada ya hapo hapana budi angoje siku zisizopungua 90. Wengi huziona siku hizi kama adhabu. Kusudi lake, zikitumiwa vizuri, ni kuwapa watumishi nafasi ya kulitazama jambo, na kama wamekosea, walipe bila kwenda mahakamani.

Pili, siku 90 zikipita bila suluhu, afungue shauri Mahakama Kuu katika eneo ambako madai yamezaliwa. Kwake yeye ni Dodoma. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 haitoshi kuishtaki halmashauri au shirika la umma peke yake. Lazima Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika shauri; asipounganishwa shauri zima huharibika. Hapa wananchi wengi hupoteza haki. Wanakuwa na madai ya kweli, wanatumia nauli na fedha za wakili, kisha shauri linatupwa kwa sababu ya jina lililokosekana katika hati.

Tatu, akishinda, asitegemee dalali wa mahakama kwenda kukamata gari la Serikali. Sheria hairuhusu mali ya Serikali ikamatwe. Mahakama hutoa hati inayoonyesha kiasi kinachotakiwa kulipwa, na malipo hufanywa kutoka fedha za umma.

Sasa tuulize: nani amelipa? Aliyeamuru barabara ipite pale halipi. Wanaolipa ni wananchi wote, pamoja na yule mkulima mwenyewe anayetozwa kodi na ushuru. Swali moja tu lililoulizwa kwa mwanasheria wa halmashauri kabla ya katapila kuwashwa lingeokoa fedha hizo na miaka hiyo. Hii ndiyo sababu tunasema kwamba muundo wa Ofisi hii hauanzii Mtumba. Unaanzia katika kikao cha kijiji na cha kata.

6. Hatari zinazobaki

Itakuwa kosa kufikiri kwamba kugawanya ofisi kumemaliza matatizo yote. Hatari mbili zinahitaji kuangaliwa daima.

Hatari ya kwanza ni ushauri kugeuka kuwa muhuri. Mwanasheria akiulizwa jambo likiwa limekwisha kuamuliwa, hatoi ushauri. Anatafuta maneno ya kulivisha. Mwaka 2014 Bunge, likiwa hapa Dodoma, lilijadili fedha zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow. Ushauri wa kisheria uliotolewa kabla ya malipo ukawa sehemu ya mjadala, na mwezi Desemba Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Frederick Werema, akajiuzulu. Fundisho ni kwamba maoni ya mwanasheria si karatasi ya kuwekwa katika jalada ili kujikinga. Ni jambo ambalo taifa linaweza kulihoji hadharani.

Hatari ya pili iko katika mashtaka. Uwezo wa kumshtaki mtu ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu madhara yake huanza kabla ya hukumu. Mtu akinyimwa dhamana, shamba lake halilimwi, watoto hawapelekwi shule, hata kama mwishoni ataachiwa. Kwa muda mrefu sheria ilimruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu, pasipo mahakama kupima sababu zake. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Uamuzi huo haukumdharau mshtaki. Ulimkumbusha kwamba uhuru aliopewa na Katiba ni uhuru wa kutoingiliwa, si uhuru wa kutoulizwa.

Kwa hiyo mgawanyo wa ofisi ni sharti la lazima, lakini peke yake hautoshi. Ukuta kati ya nyumba tatu una faida pale tu ambapo anayekaa ndani ya kila nyumba anaikumbuka kazi yake. Akisahau, ukuta hubaki matofali.

7. Wajibu wa kada

Kutokana na maelezo haya yako mambo manne ambayo kada hana budi kuyazingatia.

Moja, aijue milango mitatu na asimpoteze mwananchi. Mwenye malalamiko ya kesi ya jinai isiyoendelea aelekezwe Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mwenye madai dhidi ya Serikali afahamishwe habari ya siku 90 na kuunganishwa kwa Mwanasheria Mkuu. Kiongozi anayetaka kujua kama sheria ndogo ya halmashauri ni halali amwone mwanasheria wa halmashauri, ambaye naye ana mahali pa kuuliza.

Mbili, aulize kabla ya kutenda. Uongozi wa pupa ndio unaoijaza mahakama. Kila mkataba unaosainiwa bila kusomwa, kila mtu anayewekwa mahabusu ili kumtisha, na kila shamba linalochukuliwa kwa maneno ya mdomo, ni shauri linalongoja kufunguliwa.

Tatu, asimwelekeze mshtaki. Kiongozi anayempigia simu Wakili wa Serikali ili fulani ashtakiwe au fulani aachiwe anavunja ibara ya 59B, hata akidai anafanya hivyo kwa nia njema. Anachoweza kufanya ni kile anachoweza raia yeyote: kupeleka taarifa na ushahidi, kisha kuacha sheria ifanye kazi.

Nne, aisome sheria katika lugha yake. Tangu mwaka 2021 sheria imetamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na kazi ya kutafsiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza inaendelea. Hapo zamani kada aliweza kujitetea kwamba sheria imefungwa katika lugha ya wenyewe. Kila sheria inayotoka kwa Kiswahili inamwondolea udhuru huo.

Mkoloni alituachia Mwanasheria Mkuu aliyekuwa mtu wa Gavana. Tumebadili mtu, tumebadili Katiba, tumegawanya nyumba, na tumeihamisha Ofisi kutoka pwani mpaka nyanda za kati. Kazi iliyobaki si ya wanasheria peke yao. Mwanasheria wa umma ataweza kuutumikia umma ikiwa wale wenye madaraka, wakubwa na wadogo, watakubali kuambiwa kwamba jambo fulani haliruhusiwi, na wakiambiwa hivyo wataliacha.